Tiba ya Usemi na Usikivu katika Historia ya Taaluma ya Lugha: Mtazamo kutoka Kyumbi, Machakos

1.0 Utangulizi

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Mombasa hufika Kyumbi, mahali ambapo barabara ya mji wa Machakos huachana na njia kuu. Jina lenyewe la mahali hapa latosha kumzindua mwanaisimu. Katika Kiswahili sanifu kiambishi ki- kikitangulia irabu aghalabu hugeuka ch-, kama tuonavyo katika chumba na chombo. Katika Kikamba mfuatano wa namna hiyo hutoa ky-, nayo ndiyo sauti inayoanza jina la Kyumbi. Lugha mbili zilizo ndugu zimechukua njia mbili, na mtoto wa njiapanda hii hana budi kuzijua zote mbili: Kikamba cha nyumbani, na Kiswahili cha wachuuzi, wasafiri na madereva. Akiingia shuleni huongezewa ya tatu, yaani Kiingereza.

Tuseme sasa kwamba mtoto huyo amechelewa kusema, au mwalimu wake ameona kuwa hatamki maneno sawasawa. Ni nani atakayeamua kama mtoto ana kasoro ya usemi, au ana upungufu wa kusikia, au anasema tu kama mama yake alivyomfundisha? Swali hili si dogo. Jibu lake laweza kumpeleka mtoto kwenye darasa la pekee asilolihitaji. Na pia laweza kumnyima msaada anaouhitaji, kwa kudhaniwa kuwa ulimi wake ni mzito tu na utalegea wenyewe.

Makala hii inakusudia kueleza kwa ufupi historia ya taaluma inayopaswa kulijibu swali hilo, yaani tiba ya usemi pamoja na elimu ya usikivu, ambayo wengine huiita audiolojia. Hoja yetu ni moja. Taaluma hii si mgeni katika idara za lugha za Kiafrika, kwani ililelewa pamoja nazo katika nyumba moja. Iliyotokea baadaye ni kuhama kwake, ikaenda hospitalini na katika shule za viziwi, na katika kuhama huko ikaziacha nyuma lugha za wale inaowatibu.

2.0 Nyumba Moja: Hamburg, 1910

Mwanachuo wa lugha za Kibantu hahitaji kuelezwa Carl Meinhof alikuwa nani. Alizuru Afrika Mashariki katika miaka ya 1902 na 1903, na mwaka 1909 akahamia Hamburg kutoka Berlin ili aongoze masomo ya lugha za Kiafrika katika Taasisi ya Kikoloni ya mji huo. Lisilokumbukwa sana ni kwamba mwaka 1910 maabara ya fonetiki ilianzishwa ndani ya idara hiyo hiyo, chini ya Giulio Panconcelli-Calzia. Maabara hiyo ilitumia kimografu na ala nyingine za kupimia pumzi, mtetemo wa koo na mwendo wa ulimi. Madhumuni ya kwanza yalikuwa kuzichunguza sauti za lugha zilizokuwa ngeni kwa Wazungu. Lakini ala inayopima pumzi ya msemaji mzima hupima pia pumzi ya mwenye kigugumizi.

Kwa hiyo haikuwa ajabu kwamba Panconcelli-Calzia alishirikiana na Hermann Gutzmann, daktari wa Berlin aliyejishughulisha na maradhi ya usemi, na ambaye baba yake alikuwa mwalimu wa viziwi. Jarida lililoitwa Vox, ambalo wawili hao walilihariri kuanzia mwaka 1913, liliwakutanisha mtaalamu wa sauti, tabibu na mwalimu wa viziwi.

Hatusemi haya ili kuipamba taasisi hiyo. Iliundwa kwa haja ya utawala wa kikoloni, na Waafrika waliopimwa humo walihesabiwa kuwa watoaji wa sauti, si wanachuo. Hata hivyo jambo moja la kitaaluma limethibitika: tangu mwanzo ilieleweka kwamba hakuna awezaye kuihukumu sauti kuwa mbovu asipokuwa kwanza ameijua ilivyo katika uzima wake.

3.0 Njia Ilipogawanyika

Mbegu hii ilipandwa Afrika mapema. Katika miaka ya 1930 mafunzo ya tiba ya usemi yalianzishwa katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Johannesburg, na Pierre de Villiers Pienaar, aliyekuwa amesoma fonetiki ya majaribio huko Hamburg. Pienaar hakuwa tabibu. Alikuwa mwanafonetiki na mtaalamu wa Kiafrikaans. Katika chuo hicho hicho alikuwako Clement Doke, ambaye uchunguzi wake wa fonetiki ya Kizulu ulichapishwa mwaka 1926 na ungali unarejelewa hadi leo.

Mtu angetarajia kwamba vijito hivi viwili vingekutana, na kwamba tiba ya usemi ya Kizulu au ya Kisotho ingezaliwa papo hapo. Haikuwa hivyo. Kwa miongo mingi waliofunzwa kazi hiyo walikuwa karibu wote Wazungu, na lugha zilizotumika zilikuwa Kiingereza na Kiafrikaans. Maarifa ya lugha za Kibantu yalikuwa karibu sana, ila siasa ya ubaguzi ilikuwa imekwisha kuamua ni usemi wa nani unaostahili kutibiwa.

Kwingineko nako taaluma ilizidi kujitenga. Nchini Marekani chama cha wataalamu wa usemi kilianzishwa mwaka 1925. Uingereza chuo cha matabibu wa usemi kikaundwa mwaka 1945. Vita Kuu ya Pili ilipomalizika, maelfu ya askari walirudi makwao masikio yao yameharibika kwa mizinga, na haja ya kuwahudumia ikaikuza audiolojia hadi ikawa fani kamili. Kwa njia hiyo tiba ya usemi na usikivu ikapata vyama, vyeti na vipimo vyake yenyewe. Na vipimo hivyo vilitungwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wasemaji wa Kiingereza.

4.0 Kenya: Kutoka Mdomoni hadi Mkononi

Nchini Kenya mlango wa kwanza wa kazi hii ulikuwa elimu ya viziwi. Chama cha Watoto Viziwi kiliundwa mwaka 1958, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 zikafunguliwa shule za kwanza, miongoni mwao zile za Mumias na Nyang'oma. Baadaye shule za namna hiyo zilienea, na Machakos nayo ikapata yake.

Mafundisho yalifuata desturi iliyotawala ulimwenguni tangu mkutano wa walimu wa viziwi uliofanyika Milan mwaka 1880, ambao uliamua kwamba kiziwi afundishwe kusema kwa mdomo na asitumie ishara. Hivyo mtoto asiyesikia alitakiwa aiangalie midomo ya mwalimu na kuigiza sauti asizozisikia. Tena sauti zenyewe, mara nyingi, hazikuwa za lugha ya kwao. Mtoto wa Mkamba aliyezaliwa kiziwi alifundishwa kutamka Kiingereza, akirudi likizoni hana neno moja la kusemezana na nyanya yake. Ishara walizozibuni watoto wenyewe mabwenini zilionekana kuwa utundu.

Mabadiliko yalianza katika miaka ya 1980. Mwaka 1984 serikali, kwa msaada wa Denmaki, ilianzisha vituo vya kuwapima watoto wenye ulemavu na kuwaelekeza shuleni. Na mwaka 1986 Taasisi ya Elimu Maalumu ya Kenya ikaundwa ili iwafunze walimu. Katika muongo huo huo msimamo wa mdomo peke yake ulilegezwa, na ishara zikaruhusiwa kuingia darasani.

Lakini hatua iliyo kubwa kuliko zote kwa mtazamo wetu ilichukuliwa chuoni. Mwaka 1991 Mradi wa Utafiti wa Lugha ya Ishara ya Kenya ulianzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, na miongoni mwa walioufanyia kazi alikuwa mwanaisimu Okoth Okombo. Hapa ishara za viziwi zilichunguzwa kama lugha inavyochunguzwa: vipashio vyake, mpangilio wake, lahaja zake na jinsi zinavyokaribiana. Ilionekana kwamba kile kilichodhaniwa kuwa utundu wa mabwenini ni lugha kamili. Katiba ya mwaka 2010 ilikiri jambo hilo. Kifungu cha 7 kinaiagiza dola iikuze Lugha ya Ishara ya Kenya, na kifungu cha 120 kinaifanya kuwa mojawapo ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza. Mwaka huo huo mkutano wa kimataifa wa elimu ya viziwi, uliokutana Vancouver, ulitangaza majuto yake kwa uamuzi wa Milan, baada ya miaka 130.

Msomaji azingatie mwenendo wa mambo haya. Kwa muda mrefu kiziwi alitazamwa kama mgonjwa wa usemi. Idara ya isimu ilipoingia kazini, alionekana kuwa ni msemaji wa lugha. Huo ni ushahidi wa Kenya yenyewe kuhusu tofauti inayoletwa na maarifa ya lugha.

5.0 Sauti za Kyumbi

Tumrudie sasa mtoto wetu wa njiapanda, ambaye si kiziwi. Kwake kazi hiyo haijafanywa kwa kiasi kinachotosha, ingawa si kwa ukosefu wa wachunguzi wa Kikamba. Krapf aliyaorodhesha maneno yake katika msamiati wa lugha sita uliochapishwa mwaka 1850. Last akatoa sarufi mwaka 1885. Lindblom akaandika juu ya sarufi hiyo mwaka 1926. Whiteley na Muli wakatoa kitabu cha kufundishia mwaka 1962. Wote hawa walieleza Kikamba cha mtu mzima aliye mzima. Hawakukusudia kueleza mtoto wa Kikamba hujifunza sauti ipi kwanza na ipi mwisho, wala huzikosea vipi akiwa bado katika kujifunza.

Hata hivyo yaliyokwisha kuelezwa yanatosha kutuonyesha hatari iliyopo. Kikamba kina irabu saba, na maandishi yake hutumia ĩ na ũ ili kuzitenganisha na i na u. Kina irabu ndefu na fupi, na kina toni. Hakina kimadende /r/, wala kikwamizo /f/; na vipasuo kama /b/ na /g/ havisimami peke yake katika maneno yake ya asili bila kutanguliwa na nazali. Tazama jinsi kilivyoyapokea maneno ya kigeni: gari imekuwa ngali, pesa imekuwa mbesa, barua imekuwa valũa. Huu si ulegevu wa ulimi. Ni kanuni, na kila mwenye Kikamba huifuata bila kufundishwa.

Sasa mpe mtoto huyu kipimo cha matamshi kilichotungwa Uingereza au Marekani. Ataonyeshwa picha, aitaje kwa Kiingereza, na kila atakapoweka /l/ mahali pa /r/ atatiwa alama ya kosa. Mpimaji asiyejua Kikamba ataandika kwamba mtoto ana kasoro ya kimadende. Hata kipimo kikitafsiriwa kwa Kiswahili tatizo halitakwisha, kwa maana Kiswahili nacho hutofautisha kula na kura, mahali na mahari, nayo ni tofauti ambayo lugha ya mama yake haimdai. Mtoto mzima ataitwa mgonjwa.

Kinyume chake kina hatari zaidi. Mpimaji mwenye huruma, anayejua kwamba Wakamba wana matamshi yao, aweza kuyasamehe yote. Mtoto ambaye hawezi kutamka nazali pamoja na kipasuo, akasema besa badala ya mbesa, ataachwa aende zake, ilhali katika umri wa kuanza shule kosa hilo lastahili kuchunguzwa kwa sababu linavunja kanuni ya Kikamba chenyewe. Vivyo hivyo akishindwa kutenganisha umoja na wingi, kĩndũ na syĩndũ, kama wenzake watenganishavyo. Wataalamu wa tiba ya usemi wanakubaliana kwamba kasoro ya kweli hujitokeza katika kila lugha ambayo mtoto anaisema. Inayojitokeza katika lugha moja tu, nayo ni ile aliyojifunza karibuni, huwa ni athari ya ujifunzaji. Basi asiyeweza kumpima mtoto kwa Kikamba hana kigezo cha kutenganisha haya mawili.

Kiswahili chenyewe hakikosi hazina ya kuanzia. Kabla ya taaluma hii kufika, wasemaji wake walikuwa na kigugumizi, kithembe, king'ong'o, kitata na mdomo wa sungura. Kila neno katika haya linabainisha kasoro yake: ya mfululizo wa usemi, ya vikwamizo, ya pumzi ipitayo puani, ya matamshi yasiyoeleweka, na ya maumbile ya mdomo. Si vigumu kuamini kwamba Kikamba nacho kina istilahi zake, na kuzikusanya ni kazi inayomwelekea mwanafunzi wa isimu kabla ya kumwelekea tabibu.

6.0 Sikio na Orodha ya Maneno

Huenda ikadhaniwa kuwa sikio halina lugha. Ni kweli kwamba audiometa hutoa milio mitupu, na mtu aweza kuinua mkono kila anaposikia, awe Mkamba au Mdachi. Lakini kipimo hicho hakitoshi. Mpimaji hutaka pia kujua mtu anasikia maneno kwa kiasi gani, na hapo ndipo orodha za maneno zinapohitajika. Orodha mashuhuri za Kiingereza, kama zile za Chuo Kikuu cha Harvard zilizochapishwa mwaka 1948, zina maneno ya silabi moja moja, yaliyosawazishwa kwa sauti.

Lugha za Kibantu hazina maneno mengi ya namna hiyo. Hata mtu ni silabi mbili. Kuunda orodha ya Kikamba kwa mfano wa Harvard ni sawa na kumshonea mtu kanzu kwa vipimo vya jirani. Tena kuna suala la toni. Anayepungukiwa na usikivu wa milio ya juu hupoteza kwanza vikwamizo kama /s/, lakini toni na irabu, ambazo nguvu zake zimo zaidi katika milio ya chini, humbakia. Kwa hiyo hasara yake katika lugha yenye toni na vikwamizo vichache yaweza kuwa tofauti na hasara ya Mwingereza mwenye sikio kama lake. Ni tofauti ya kiasi gani, hilo litajulikana tu baada ya sauti za Kikamba kuhesabiwa na orodha kutungwa.

Jambo hili lina uzito mahali hapa. Athi River, mji wenye viwanda vya saruji, uko juu ya barabara hiyo hiyo ipitayo Kyumbi. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zinakataza mfanyakazi kukaa katika kelele inayozidi desibeli 90 kwa muda wa zaidi ya saa 8 katika siku. Sheria hiyo huleta vipimo, na vipimo huleta madai ya fidia. Mzee anayepimwa kwa maneno ya Kiingereza akikosea, itakuwa vigumu kujua kama kilichomwangusha ni sikio lake au ni lugha ya mpimaji.

7.0 Yaliyokwisha Kufanywa

Itakuwa si haki kudai kwamba hakuna lililofanyika. Huko Kilifi, Julie Carter na wenzake waliwachunguza watoto waliopona malaria kali, na katika maandishi yao ya mwaka 2005 na 2006 wakaonyesha kwamba ugonjwa huo huweza kuacha kasoro za lugha baada ya homa kwisha. Ili kulijua hilo iliwabidi kwanza waunde vipimo vinavyolingana na lugha na mazingira ya watoto wa pale. Mwaka 2015 Katherine Alcock na wenzake walichapisha matokeo ya orodha za maendeleo ya usemi wa watoto wadogo kwa Kiswahili na Kigiriama. Wazazi wasiojua kusoma waliulizwa kwa mdomo, na maneno yakachaguliwa kulingana na maisha ya watoto hao badala ya kutafsiriwa tu. Kwa upande wa isimu, kitabu cha Kamil Ud Deen cha mwaka 2005 kilieleza jinsi watoto wa Nairobi wanavyojifunza Kiswahili, na hasa jinsi wanavyodondosha viambishi vya nafsi na vya wakati. Asiyekijua kitabu hicho aweza kuudhania udondoshaji huo kuwa ugonjwa.

Katika mafunzo, Chuo Kikuu cha Makerere kilianzisha mwaka 2008 shahada ya tiba ya usemi na lugha, ya kwanza katika Afrika Mashariki. Wahitimu wake wa kwanza walikuwa wachache mno kwa eneo lenye mamilioni ya watu na lugha zaidi ya mia. Ni dhahiri kwamba hakuna chuo kitakachomfundisha tabibu mmoja Kikamba, Kiganda, Kijaluo na Kigiriama kwa pamoja. Kinachowezekana ni kumpa maelezo ya lugha hizo yaliyoandaliwa kwa ajili ya kazi yake. Na kuyaandaa ni jukumu la idara za lugha.

8.0 Hitimisho

Tumeona kwamba uchunguzi wa lugha za Kiafrika na uchunguzi wa kasoro za usemi vilikaa pamoja Hamburg mwaka 1910, vikakaribiana tena Johannesburg katika miaka ya 1930 bila kusemezana, na kwamba nchini Kenya mwaka 1991 idara ya isimu ilipojihusisha na lugha ya viziwi, hadhi ya lugha hiyo ilibadilika hata katika Katiba. Funzo la historia hii ni kwamba tiba ya usemi isiyo na maelezo ya lugha hupima umbali wa mtoto kutoka kwa Mwingereza, na haipimi afya yake.

Yanayodaiwa kwetu si makubwa kupita uwezo wetu. Tangu ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 imependekezwa kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya mazingira yake katika miaka 3 ya kwanza ya shule. Ikiwa lugha hiyo yafaa kumfundishia, yafaa pia kumpimia. Wanafunzi wetu wa shahada za juu waweza kupewa kazi ya kurekodi watoto wa umri wa miaka 2 hadi 6 katika lugha moja moja, kuonyesha mpangilio wa kupatikana kwa sauti na viambishi, na kutunga orodha za maneno za kupimia usikivu. Tasnifu za namna hiyo, zikiandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka na walimu na wauguzi, zitasomwa hata nje ya maktaba.

Njiapanda ya Kyumbi ni mahali pafaapo kuanzia, kwa kuwa lugha tatu hukutana hapo katika kinywa cha mtoto mmoja. Kabla hatujamwambia mama yake kwamba mtoto ana kasoro, sharti tuwe tumekwisha kuijua lugha ambayo mama huyo amemfundisha.